Mlavenda Ulioniachia

Kwa mdogo wangu Sindano,

Salamu zangu zipande ngazi zote hizo zikufikie ghorofani, na zisisubiri lifti, maana lifti yenu najua ni ya kutazamwa tu. Hujambo? Goti linasemaje? Mwanao na mkewe wazima? Na cherehani yako bado inakata uzi, au umeshaitia mafuta kama nilivyokuambia mwaka jana ukanijibu kwamba mimi si fundi? Huku sisi hatujambo. Mimi jino la nyuma liling'oka lenyewe nikiwa natafuna, nikalitema, nikaendelea kula. Hizo ndizo habari za mwili wangu. Zilizobaki ni za umri, na umri hauna dawa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kidole juu ya mstari kama ulivyonifundisha. Unasema daktari amekuruhusu, goti limeshikana vizuri baada ya upasuaji, na Jumamosi ya wiki ijayo unapanda basi uje kukaa kwangu siku kumi. Tena umeandika bila haya kwamba huji kuniona mimi, mimi unanijua. Unakuja kuuona mlavenda wa marehemu mumeo. Unataka kuketi kando yake, usugue majani yake kiganjani, kwa sababu katika vitu vyote alivyokuachia shemeji, hicho ndicho pekee ambacho bado kinapumua.

Nilifurahi mpaka nikagonga meza. Halafu nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikatafuta kalamu.

Nina jambo la kukuambia kuhusu mlavenda huo, na sitaki ulisikie ukiwa umesimama uani kwangu na begi mkononi. Si jambo la simu. Kwenye simu huniachi nimalize. Neno langu la kwanza likitoka, lako la kumi limeshafika. Barua huwezi kuikatiza. Ila nakuomba, usiruke mistari ukachungulie mwisho. Nakujua. Tangu utotoni ulikuwa unafunua sufuria kabla moto haujashika.

Nianze na raha, kwa sababu raha ipo, tena nyingi.

Ndugu yangu, nina milavenda thelathini na moja. Imejipanga safu tatu kutoka ukuta wa jikoni mpaka mlango wa nyuma, kila kichaka kimejaa na kuviringana kama mto wa kiti. Maua yamesimama, yote zambarau, na nyuki ni wengi hivi kwamba ukisimama mlangoni unasikia ua wote unavuma kama cherehani yako unaposhona mapazia. Jirani yangu wa kulia, yule tunayemwita Jicho kwa kuwa hakuna kinachopita asikione, amehamisha kiti chake kutoka mbele ya nyumba yake akakileta ukutani kwetu, apate harufu. Mwaka wa kwanza mwanamke huyo alinicheka, akaniuliza kama siku hizi nafuga nyasi kavu. Sasa ananiomba shada la kuweka kwenye kabati la nguo. Nilimpa mawili. La kwanza la kabati, la pili limwaibishe.

Na usidhani ni bahati. Bahati haichimbi. Unaukumbuka udongo wa uani kwangu: mzito, wa kunata, mvua ikinyesha kiatu kinabaki nyuma wewe umeshaondoka. Mlavenda udongo huo hautaki hata kuusikia. Basi nilimwita mwanangu mwashi, nikamwagiza aniletee matofali yaliyovunjika, kokoto, na mchanga mkavu wa kujengea. Akaniuliza najenga nini. Nikamwambia najenga kitanda. Akauliza cha nani. Nikamwambia cha mgeni asiyependa kulowa miguu. Yule mtoto akatoka nje akampigia dada yake simu, anadhani mimi sisikii, akamwambia mama ameanza kuchanganyikiwa. Dada yake akamjibu kwamba mama yuko hivyo tangu zamani, apeleke kokoto.

Tulijenga tuta linalonifika gotini. Chini vipande vya matofali, juu yake udongo tuliouchanganya na mchanga nusu kwa nusu, pamoja na vumbi la plasta kuukuu yenye chokaa. Samadi hakuna. Nasema tena ili ikuingie: samadi hakuna. Jua liupige kutoka asubuhi mpaka jioni. Kati ya mti na mti uache hatua nzima ili upepo upite, usipopita majani ya chini yanaoza. Maua yakiisha unakata theluthi moja ya kichaka, lakini mkasi usishuke mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, hapo hakichipui tena. Na maji ni kidogo tu ukiwa bado mche. Ukishashika, unatia kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, weka ndoo chini uondoke.

Hapo pa kuondoka, mdogo wangu, ndipo palipo na kazi. Kuchimba nilichimba, mawe nilibeba, mgongo uliuma ukapona. Lakini kusimama mbele ya mti kwenye jua kali, ndoo mkononi, halafu usiupe! Mimi na wewe hatukulelewa hivyo. Mama alikuwa akimpa maji kila aliyevuka kizingiti, maswali baadaye. Unamkumbuka yule bwana aliyekuja kutugombeza kwa sababu ya kuku wetu? Alikunywa vikombe viwili kabla ya kufungua mdomo, akasahau kilichomleta, akaondoka akishukuru. Mimi na wewe tumetoka katika nyumba hiyo. Mtu akiumwa, maji. Akilia, maji. Asipokuwa na neno lolote, maji vilevile.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Kama umesimama, keti.

Mlavenda ulioniachia ulikufa.

Haukufa jana wala juzi. Ulikufa mwezi wa nne tangu ulipoushusha mwenyewe mlangoni kwangu umefungwa kwenye gunia, siku ulipouza nyumba ukahamia kwa mwanao. Hiyo ni miaka mitatu. Na haukuliwa na mdudu, wala hakuja mwizi. Mimi ndiye niliyeuua, kwa mikono hii hii inayokuandikia.

Uliniambia siku ile kwamba mti huu una roho yake. Ulisema katika miaka ishirini na miwili uliyokaa nao ulikuwa kila baada ya muda unasinyaa, unageuka kijivu, wewe unakata tamaa. Halafu asubuhi moja unautazama, umekuwa mdogo na wa kijani kama mwali. Ulisema hauwezi kufa. Nami nikaupa mahali pazuri kuliko pote, kando ya sehemu ya kufulia, pale maboga yangu yalipokuwa yakinenepa mpaka yanavunja uzio. Nikautilia ndoo mbili za samadi. Nikaumwagilia asubuhi, nikaumwagilia jioni, na mchana nikipita nao nikauonea huruma. Majani yalipoanza kuwa ya manjano nilidhani unamlilia mwenyewe, nikauongezea maji. Ulipoinama nikauongezea samadi. Mimi huyu ambaye watu hunitolea mfano, kwamba nikichomeka fimbo inaota! Siku nilipoushika shina, ulitoka bila ubishi. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo.

Nilikaa chini palepale kwenye matope nikalia. Si kwa ajili ya mti. Nililia kwa sababu uliniamini.

Kesho yake nilichukua kalamu nikuandikie. Kabla sijafika mstari wa pili, ikaja barua yako. Mwishoni uliandika nikusalimie mti wako. Nikaikunja barua yangu nikaitia motoni, nikaandika nyingine kwamba mti nao unakusalimu. Tangu hapo kila barua unauliza, na kila barua nakujibu kwamba haujambo, umenenepa, unakusalimu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka mitatu, na kila siku nimetembea nayo miguu mitupu.

Lakini sikukaa na uongo tu. Wiki ileile nilivaa viatu vya kwendea mazikoni, nikaenda mpaka maktaba kubwa ya mjini, kule shemeji alikokuwa mtunza bustani maisha yake yote. Nilikumbuka aliwahi kusema kwamba ule wa nyumbani kwenu aliutoa kwenye safu aliyoipanda mwenyewe chini ya madirisha ya maktaba. Nilikuwa sijawahi kufika. Pale getini watu wote wana vitabu kwapani, mimi nina mfuko wa plastiki na kisu cha jikoni. Mlinzi aliniuliza kama nimekuja kuazima kitabu au kurudisha. Nikamwambia nimekuja kuazima mti. Akanitazama, akatazama kisu, akaenda kumwita mtu wa bustani.

Mtu wa bustani ni yule aliyekuwa msaidizi wa shemeji kwa miaka ishirini na zaidi, sasa ndiye mkubwa wa pale. Haivui kofia yake, jua liwepo lisiwepo, na mimi nikamwita Kofia, naye akaitika. Nilimwambia ukweli wote, hakuna nilichobakiza. Hakunilaumu. Alinipeleka kwenye safu ya shemeji, vichaka kumi na viwili vikubwa, akanichagulia vijiti visivyo na ua, urefu wa kidole, akanionyesha jinsi ya kuvua majani ya chini na kuvichomeka kwenye mchanga kivulini. Na yote niliyokueleza hapo juu kuhusu kokoto na jua na ndoo, aliniambia yeye. Nilimfanya arudie, nami nikaandika nyuma ya bahasha yako.

Vijiti vilikuwa saba. Vitatu vilikufa. Vinne vilishika. Siku nilipovuta kimoja polepole nikahisi kinanivuta na chenyewe, kimeshika mchanga kwa mizizi, nilipiga kelele mpaka Jicho akapanda juu ya ndoo kuchungulia. Kutoka kwa hivyo vinne nikakata vingine mwaka uliofuata, na vingine tena, mpaka leo ni thelathini na moja.

Ningeweza kunyamaza hapo. Ungekuja, ningekuonyesha kichaka kikubwa kuliko vyote, ningekuambia ndio huo, nawe usingejua. Jirani Jicho alinishauri hivyo hivyo. Nilimwambia aangalie ukuta wake.

Ila mwezi uliopita Kofia alikuja. Alibisha hodi akiwa amebeba mfuko wa plastiki na kisu, kama mimi siku ile. Akaniambia kwamba maktaba wameweka mabomba mapya ya kumwagilia nyasi, yanatiririka kutwa, na hakuna aliyemuuliza. Safu ya shemeji imeoza yote. Vichaka kumi na viwili, hakuna hata kimoja. Alipita kwenye tuta langu taratibu, akapiga magoti, akatia kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, akakitoa kikavu. Halafu akavua kofia. Kumbe ana kipara. Akaniita mwalimu, akasema mabomba ya upande ule ameshayafunga, akaniomba vijiti ishirini arudishe ile safu.

Mimi, Sindano. Mimi ambaye siku ulipovaa sare ya shule nilibaki nyumbani na mtungi. Mimi niliyejifunza herufi kwa sababu wewe ulirudi kila jioni ukanichorea kwa kijiti mchangani nyuma ya jiko, tukizifuta kwa mguu kabla baba hajapita. Sasa chini ya madirisha ya maktaba, mahali penye vitabu vyote vile, kunaota safu iliyotoka mikononi mwangu. Nimeringa. Naringa hata sasa ninapoandika, na sitaki mtu aniambie nipunguze.

Tulipoketi, nikampa maji, akanywa, ndipo Kofia akaniambia jambo ambalo nimelala nalo mwezi mzima. Alisema kwamba siku niliyokwenda maktaba na uso wa msiba alijizuia asicheke, kwa sababu uso ule alikuwa ameuona kabla. Shemeji alikuwa akija kazini nao, kila baada ya miaka minne mitano. Alikuwa akisema kwamba mkewe ameua mlavenda tena.

Ndiyo, wewe. Kila jioni ukimaliza kusuuza vyombo ulikuwa unatoka na beseni, unaumwagia mti wa mumeo maji yote, na unakaa hapo kuuongelesha habari za mchana. Shemeji alikuwa anakuona kutoka dirishani. Alimwambia Kofia kwamba hiyo ndiyo saa unayokuwa na furaha kuliko zote, na yeye si mtu wa kumwambia mke wake aweke beseni chini. Kwa hiyo mti ulipokuwa ukioza, alikuwa anatoa mche kwenye ile safu, anauleta nyumbani, na alfajiri kabla hujaamka anang'oa uliokufa anapanda mwingine palepale. Mara moja Kofia mwenyewe aliubeba kwenye baiskeli. Wewe ukiamka unakuta mdogo na wa kijani, unamwita mumeo aje aone mti usiokufa. Naye anakuja, anautazama, anashangaa pamoja nawe.

Alifanya hivyo mara nne. Ulioniachia mimi ulikuwa wa tano.

Uliniambia mti ule una roho. Roho ilikuwepo kweli, mdogo wangu, lakini haikuwa ya mti.

Nilijiuliza kama nina haki ya kufungua siri ya marehemu. Nikaona kwamba kama nimefungua yangu, sina sababu ya kukunyima ya kwake, maana yake ni nzuri kuliko yangu. Mimi nilikudanganya kwa woga. Yeye alikudanganya miaka ishirini na miwili ili usiache kutoka na beseni. Nami nina deni la maneno kwake, kwa sababu siku alipokuchumbia nilisema mbele ya watu kwamba mwanamume huyu ni gogo, hajui kusema neno la mapenzi. Nilisema vibaya. Alikuwa akisema, ila mimi na wewe hatukuwa tunaamka mapema vya kutosha.

Basi usije kutafuta mti mmoja. Haupo. Waliopo ni watoto na wajukuu wa ile safu aliyoipanda kwa mkono wake. Safu yenyewe imekwisha; uzao wake wote uko uani kwangu, pamoja na hao ishirini waliorudi maktaba kushika nafasi. Kama kuna kitu cha mumeo kinachopumua, ni hicho, na kinapumua mpaka nyumba ya pili. Usilie peke yako huko juu. Subiri uje, tulie pamoja, mimi nina la kulilia pia.

Chumba chako ni kile cha dirisha la uani. Nimeweka godoro gumu kwa ajili ya goti. Kwenye dirisha kuna chungu chenye matundu chini na kokoto ndani, na mche mmoja umeshashika. Huo sikuuhesabu katika ile thelathini na moja, ni wako, wa kwenda nao kwenye roshani ya mwanao ambako unasema jua linakuchoma kutwa. Jua hilo ndilo linalotakiwa. Beseni zote za nyumba hii nimezificha, usizitafute.

Na kama umekasirika, kasirika, una haki. Lakini njoo. Njoo na hasira zako hivyo hivyo, zitapewa kikombe cha maji mlangoni kama mama alivyotufundisha, wewe na hasira zako mnywe mpaka mtosheke. Mti tu ndio usiupe maji.

Wasalimie wote hapo ngazini, mpaka yule mwenye mbwa. Mwanangu mwashi anasema atakupokea kituoni, nawe umtambue kwa vumbi.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, mwuaji wa mti mmoja, mama wa thelathini na moja.

Milavenda nayo inakusalimu. Safari hii ni kweli.